Pointi Kumi na Nane

Kwa karibu mwezi mzima Nalepo alilala njaa katika nyumba yenye friji iliyojaa, na muda wote huo aliamini kosa ni lake.

Alikuwa mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja ya Sombetini, mama wa binti mmoja aliyekuwa akisoma chuo Makumira, mwanamke wa makamo mwenye sauti inayofika nyuma ya darasa bila kupazwa. Mwanzoni mwa mwaka daktari alimpima presha, akatikisa kichwa, akamwambia magoti yake yanabeba kuliko yanavyoweza. Nalepo hakununa. Ni yeye mwenyewe aliyetafuta mpango wa kupunguza mwili, akaupata kwa Nisha, binti wa familia moja ya Kihindi, aliyefungua ukumbi wa mazoezi juu ya duka la vitambaa la wazazi wake katikati ya mji.

Mpango wenyewe ulieleweka kirahisi. Kila chakula kilikuwa na pointi zake. Chapati ilikuwa nazo nyingi, mchicha karibu haukuwa nazo. Kila mtu alipewa pointi zake za siku, na ukizimaliza umezimaliza. Lakini ukitembea, ukikimbia au ukiendesha baiskeli, unaongezewa nyingine, uzile siku hiyohiyo au uziweke kwa ajili ya Jumapili. Nalepo aliupenda utaratibu huo. Haukumkataza chakula cha kwao. Ulimtaka tu akitolee jasho kwanza.

Mambo yalianza kuharibika pale mumewe, Solomoni, aliposema na yeye anaingia. Solomoni alikuwa mkuu wa manunuzi katika kampuni moja ya mbegu, mzee wa kanisa, mtu asiyependa kushindwa hata kwenye karata za watoto. Aliposikia Nisha anaandaa shindano la wanandoa, ambapo kilo anazopunguza mume na anazopunguza mke zinajumlishwa pamoja, macho yalimng'aa. Wakati huo Nalepo alikuwa amefukiwa na karatasi za mitihani ya kidato cha nne.

"Mama Jackie, wewe sahihisha," Solomoni alimwambia. "Hii nitaishughulikia mimi."

Akawaandikisha wote wawili kwenye simu yake. Tangu siku hiyo, kila jioni Nalepo alimtajia alichokula na alikotembea, Solomoni akaingiza, kisha akamwambia zimebaki ngapi.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Nalepo alikuwa na pointi ishirini na sita kwa siku. Akitoka kazini aliachana na usafiri, akavaa raba, viatu vya kazi akavitia mkobani, akashika njia kwa miguu kutoka Sombetini, kupitia mtaa wa Unga Limited, hadi nyumbani kwao Njiro. Akifika alijua amejipatia bakuli la mtori wa ndizi au kipande cha nyama, na alikila ametulia, bila kumwomba mtu radhi. Sketi zilianza kumlegea kiunoni. Alipanda ngazi za shule bila kushika ukuta.

Kisha jioni moja Solomoni alimwambia kuwa mpango umemshusha.

"Ukipungua mwili, nao unakupunguzia. Sasa ni kumi na nane."

"Kumi na nane? Na wewe je?"

"Mimi mwanaume, Mama Jackie. Mwili wangu unaunguza zaidi."

"Basi nitatembea zaidi."

"Hata kutembea kwako siku hizi hakuhesabiwi. Mfumo unasema mwendo ni wa polepole mno. Unatembea kama mtu anayesindikiza wageni."

Solomoni alicheka. Nalepo naye akacheka kidogo, kwa sababu ilimuuma, na hakutaka ionekane imemuuma.

Akaongeza mwendo. Alitembea mpaka kifua kikawaka moto, akarudi nyumbani, akatajiwa sifuri. Akaacha chai ya maziwa. Akaacha ndizi. Jioni alipika sufuria mbili, moja ya mumewe na moja yake, na ya kwake ilikuwa ya kabichi. Jumamosi Solomoni aliendesha baiskeli na wenzake kuelekea Usa River, akarudi na mishikaki kwenye mfuko, akaila mezani huku akieleza jinsi alivyoitolea jasho mlimani. Nalepo alikaa ng'ambo ya meza akimenya tango.

Njaa ilimbadilisha. Siku moja darasani alimkuta msichana wa kidato cha pili anatafuna kipande cha muhogo chini ya dawati. Kwa kawaida angemwambia akifiche mpaka mapumziko. Safari hii alimpokonya, akamfokea mpaka mtoto akalia, na darasa zima likamtazama mwalimu wake kana kwamba limeletewa mtu mwingine. Akatoka nje. Nyuma ya choo cha walimu aligundua bado ameubana ule muhogo mkononi, na kwamba anaunusa.

Wiki hiyohiyo, akiwa njiani karibu na Unga Limited, barabara ilimzunguka. Alikaa chini kwenye vumbi, pembeni mwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi. Mama yule alimpa maji, kisha akamkatia nusu ya hindi la moto.

"Kula, dada. Umekuwa mweupe midomoni."

Nalepo alilitazama lile hindi, akajaribu kukumbuka lina pointi ngapi. Akamrudishia. Alifika nyumbani, akamweleza mumewe kilichompata. Solomoni aliweka simu chini, akamshika bega, akamwambia awe mvumilivu, mwili unazoea. Kisha akaichukua simu tena.

Hivyo ndivyo walivyokwenda Olmotonyi, nyumbani kwa kina Nalepo, kwenye sherehe ya kipaimara cha Irine, binti wa kaka yake Loishiye. Ibada ilikwisha mapema. Ukungu ulikuwa bado umeukalia msitu, Mlima Meru hauonekani, na watu walikaa kwenye viti vya plastiki wamevaa makoti juu ya nguo zao nzuri. Mama yake Nalepo, ambaye wanawe walimwita yeyo, alikuja na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando ya ng'ombe wake mwenyewe. Alimpa bintiye kwa mikono miwili.

Nalepo alikuwa amelifikiria bakuli hilo tangu Jumatatu. Alikuwa ameshinda jana yake kwa maji na papai ili alile.

"Mama Jackie," Solomoni alisema kutoka upande wa wanaume, sauti ya mzaha, lakini kubwa. "Hilo ni pointi nane. Wewe za leo zimeshakwisha."

Baadhi ya watu walicheka. Yeyo hakuelewa.

"Zimekwisha nini? Mwanangu anaumwa? Mbona amechongoka uso hivi?"

"Haumwi, mama," Solomoni alijibu. "Anapendeza. Tuko kwenye shindano, na sasa tuko wa pili." Aliwageukia wanaume, akanyoosha miguu, raha ya mtu anayesimulia alivyomzidi mwenzake kwenye biashara ikamwenea usoni. "Mwanzoni tulikuwa tunaburuza mkia. Nikaangalia, nikaona mpango unampa nyingi mno. Ishirini na sita! Mwanamke! Nikampigia mwenye ukumbi, nikampunguza mwenyewe mpaka kumi na nane. Na zile za kutembea nikaacha kuziingiza kabisa, maana zote alikuwa anazigeuza mtori. Hajui mpaka leo. Si mnaona matokeo?"

Alimwonyesha mkewe kwa mkono wazi, kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani.

Nalepo aliisikia kila silabi. Cha ajabu ni kwamba kitu cha kwanza kumjia hakikuwa hasira, bali yule msichana wa kidato cha pili akilia juu ya daftari. Hasira ilifuata nyuma yake, na ilipofika ilimjaa mpaka masikioni.

Aliweka bakuli kwenye kiti, akasimama.

"Hebu rudia, Baba Jackie."

"Mama Jackie, usianze. Ni utani."

"Umenipunguza wewe. Si mpango."

"Kwa faida yako. Presha yako imeshuka au haijashuka?"

"Nilikaa kwenye vumbi Unga Limited nikidhani ninakufa. Nikaja nikakueleza. Ulinishika bega hapa." Alijigusa mahali penyewe. "Ukaniambia mwili unazoea. Ulikuwa unajua, huku umenishika."

"Ningekuuliza, ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Ndiyo maana sikuuliza."

Alilisema hilo kama mtu aliyeshinda hoja. Hakuna aliyecheka safari hii. Loishiye, mtu mkubwa wa maneno machache, aliinuka akasema, "Shemeji, sasa umekosea," lakini Nalepo hakuhitaji mtu wa kumsemea.

"Kila jioni nilikuja kwako nikakutajia nilichokula. Mimi, mtu mzima, nina mtoto chuo kikuu. Nilikutajia hadi kijiko cha sukari, Solomoni. Hadi ndizi moja niliyopewa msibani. Na wewe ulikaa na simu yako ukaniambia sifuri. Nilitembea mpaka kucha zikanitoka damu, ukaniambia sifuri!"

Alikuwa hajawahi kumwita mumewe kwa jina mbele ya watu. Kiwanja kizima kilimsikia. Yeyo alimshika mkono, akamnong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Wageni wanasikia. Hayo ni ya ndani kwenu."

Na hilo nalo likamkera. Alimpenda mama yake, lakini wakati ule aliutoa mkono wake.

"Alipoyasema yeye, yeyo, hayakuwa ya ndani?"

Akachukua bakuli lake, akaenda jikoni nyuma, akakaa juu ya kigoda karibu na moto, akala. Chakula hakikuwa na ladha. Alikila chote. Irine, na gauni lake jeupe la kipaimara, aliingia, akakaa chini karibu na shangazi yake, na Nalepo aliona aibu kwamba siku ya mtoto imeharibika. Akakasirika zaidi, kwa sababu hata aibu hiyo alikuwa ameachiwa yeye aibebe.

Solomoni aliondoka peke yake na gari. Nalepo alilala kwa mama yake.

Jumatatu baada ya vipindi alipanda ngazi za ukumbi wa Nisha. Nisha alikuwa akikunja mikeka. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti ya kuhamasisha watu hata anapoagiza chai.

"Mwalimu! Karibu. Mko wa pili, hongera sana."

"Nani alikuruhusu kunipunguzia chakula?"

Nisha aliacha mkeka. "Baba Jackie alipiga simu. Alisema mmekubaliana. Chini ya ishirini na mbili mfumo haukubali mpaka mimi nifungue, kwa hiyo nikafungua."

"Namba yangu unayo?"

"Ninayo."

"Ulinipigia?"

"Mwalimu, kwenye akaunti ya wawili, aliyeandikisha ndiye tunayewasiliana naye. Wengi wanafanya hivyo, na mpaka leo hajalalamika..."

"Ni nani hajalalamika? Mimi ndiye wa kulalamika, na mimi hukuniuliza! Mfumo wako ulijua kwamba mtu hawezi kuishi kwa kiasi hicho. Mashine ilikataa, Nisha. Mashine! Wewe ndiye uliyekubali."

Nisha alikaa kwenye benchi. Uchangamfu ulimtoka, na bila huo alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Ulizimia?" aliuliza.

"Nilikaa chini kabla sijaanguka. Mtu aliyenipa maji ni mchoma mahindi, simjui hata jina."

Nisha alisema samahani. Aliisema vizuri, bila kuongeza "lakini", na Nalepo alitambua hilo, ingawa halikumpoza. Nisha akamfungulia akaunti yake mwenyewe palepale, kwenye simu ya Nalepo, kwa neno la siri alilochagua Nalepo mwenyewe, akasema atawaondoa kwenye shindano kimyakimya ili wasiaibike.

"Kimyakimya, hapana," Nalepo alijibu. "Jumamosi nitakuja kupima."

Nyumbani Njiro walikaa wiki nzima kama wapangaji. Nalepo alihamia chumba cha binti yao, Jackline. Solomoni alisema mara moja, akiwa mlangoni, kwamba kama alikosea basi alikosea kwa nia njema, na kwamba alimwona mkewe kwenye picha za sherehe ya mwisho wa mwaka ya kampuni yao ya mbegu, akaona jinsi wafanyakazi wenzake walivyomwangalia. Ndipo Nalepo alipoelewa kwamba shindano lilikuwa nusu tu ya jambo.

"Kwa hiyo uliona haya juu yangu."

"Sikusema hivyo."

"Ungesema tu. Ningelia siku mbili, ya tatu ningekula wali. Wewe ukaona afadhali uninyime."

Alimfungia mlango, si kwa kishindo, akakaa kitandani. Alitamani kuvunja kitu. Alitazama vitu vya binti yake kimoja kimoja, hakuona cha kuvunja.

Jumamosi ukumbi ulikuwa umejaa wanandoa. Mizani ilikaa katikati, na mmoja baada ya mwingine walipanda, Nisha akisoma, watu wakipiga makofi. Solomoni alikuwa ametangulia, amevaa nguo zake za baiskeli. Alipomwona mkewe anaingia, uso wake ulikunjuka. Alidhani amekuja kumaliza ugomvi. Jina lao lilipoitwa alipanda, akashangiliwa, akashuka, akamnyooshea Nalepo mkono amsaidie kupanda.

Nalepo hakuushika. Alisimama kando ya mizani, akawatazama watu kama anavyotazama darasa kabla ya kuanza kipindi.

"Sipandi," alisema. "Kilo nilizopunguza mwezi huu si zangu, ni za njaa. Mume wangu alinishushia pointi bila kuniambia, na jasho langu la kutembea hakuliingiza. Nisha alimfungulia. Kwa hiyo nafasi ya pili si yetu. Wapeni wengine wanaostahili."

"Mama Jackie, unatudhalilisha," Solomoni alisema kwa sauti ya chini.

"Siyo sisi. Ni wewe peke yako."

Nisha, mwekundu mpaka shingoni, alisema ni kweli, na kwamba kosa la kufungua ni lake. Mwanaume mmoja aliyeitwa Yoeli, mfugaji wa kuku kutoka Tengeru, alicheka ili kupoza mambo. "Jamani, Mwalimu naye! Si ameshapungua? Akina mama mkiachiwa wenyewe mtakula mpaka mizani ivunjike."

Mke wa Yoeli alikuwa amekaa karibu naye, mwanamke mfupi, mkimya, ambaye Nalepo hakuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Alimgeukia mumewe polepole. Akanyoosha kiganja.

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Nipe simu, Yoeli."

Kicheko cha Yoeli kilikauka. Kwenye safu ya nyuma mwanamke mwingine naye alimgeukia wake, kisha mwingine. Mikono ya wanaume ikaanza kupapasa mifukoni. Yoeli alitoa simu. Mkewe aliisogeza karibu na uso, akazisoma pointi zake, akazisoma tena, kisha akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kumsubiri. Walimsikia akishuka ngazi, hatua nzito moja moja.

Nalepo hakufurahi. Alikuwa amedhani atafurahi. Alijisikia tu kama mtu aliyefunua jiwe na kukuta wadudu zaidi ya aliowatarajia.

Shindano liliishia hapo. Nisha alizivunja akaunti zote za wawili, kila mtu akapewa yake, na wanandoa kadhaa hawakurudi tena. Wengine walimlaumu Nalepo waziwazi. Mama mmoja wa kanisani alimwambia angeyamalizia chumbani. Nalepo alimjibu kwamba chumbani ndimo alimolala na njaa.

Aliendelea na mpango, kwa ishirini na sita zake. Alitembea kutoka Sombetini mpaka Njiro kwa mwendo wake, na kila hatua ikaingia. Alipungua polepole kuliko mwanzo. Alimwita ofisini yule msichana wa kidato cha pili, akamwomba radhi mbele ya mwalimu wa darasa.

Kwa Solomoni, mambo hayakunyooka haraka. Aliomba msamaha, mara ya pili vizuri kuliko ya kwanza, alimleta mchungaji, alimnunulia hata raba mpya, zikakaa kwenye boksi lake sebuleni. Nalepo hakumfukuza wala hakurudi chumbani. Alikuwa akiingoja hasira yake iishe, kama anavyongoja mvua ya Aprili, na kila asubuhi akiamka aliikuta bado inanyesha.

Jioni moja alikuwa jikoni akichochea makande. Sufuria ilikuwa moja, ndogo. Solomoni aliingia kutoka kazini, akafungua shati kifungo cha juu, akasimama mlangoni akinusa.

"Leo tunakula nini?"

"Mimi nakula makande," Nalepo alijibu bila kugeuka. "Wewe sijui."

Solomoni alifungua kabati, akatoa sufuria, akaigeuzageuza mikononi, akauliza mchele unawekwa wapi. Nalepo alimwonyesha kwa mwiko, akajipakulia, akabeba sahani yake hadi barazani, akaanza kula.